Upande Niliomwelekeza Bibi

Ninakagua kila kitu mara tatu. Kufuli la duka nalivuta mara tatu kabla ya kuondoka, na barua ya mteja naisoma mara tatu kabla ya kuitoa kwenye mashine. Mtu akiniambia basi, imetosha, namsikia, lakini mkono unarudi wenyewe. Nalisema hili mapema ili ieleweke kwamba kosa ninalotaka kulieleza sikulifanya kwa uzembe. Nililifanya kwa uangalifu wangu wote, nikiwa nimeshalikagua mara tatu, na ndiyo maana bado linanitia hofu.

Kazi yangu ni kuchapa barua na kutoa kopi kwenye duka dogo Ruangwa mjini, hatua chache kutoka ofisi za wilaya. Shule niliishia kidato cha nne, na matokeo yake siyatundiki ukutani. Mengine nimejifundisha mwenyewe kwa kamusi kuukuu niliyoipata haina jalada. Inaanzia katikati ya herufi B, kwa hiyo kuna maneno mengi ya mwanzo ambayo mpaka leo nayasikia kwa wengine tu. Nina daftari la mistari ninamoandika neno na chimbuko lake. Wenzangu wanaweka picha kwenye simu, mimi naweka maneno. Sijui kama ni ugonjwa.

Ukurasa niliokuwa naupenda kuliko zote ni ule wa pande za dunia. Mashariki na magharibi tumeyachukua kwa Waarabu: upande jua linakochomoza, na upande linakozama. Kaskazini limetoka kwenye kaskazi, na kusini kwenye kusi, na zote mbili ni pepo za watu wa pwani. Sisi wa huku tunaitwa watu wa Kusini, yaani tumebatizwa jina la upepo wa mabaharia, wakati Nachingwea hakuna bahari na watoto wengi wanaijua kwenye vitabu tu. Nililifikiria jambo hilo siku nyingi. Niliona kama tumevalishwa shati la mtu mwingine.

Bibi yangu mzaa mama, aliyenilea kijijini Chiola, huko Nachingwea, hakulivaa. Kiswahili alikiokota ukubwani, sokoni na msikitini, na neno kaskazini halikuwamo katika maneno aliyookota. Yeye alisema kibla. Mbuzi wamekwenda kibla. Mvua inatokea kibla. Ule mti wa kibla umekatika tawi. Nilipokuwa darasa la sita nilimsahihisha.

"Bibi, kibla ni ya kusalia. Upande wenyewe unaitwa kaskazini."

"Kaskazini ya mwalimu wako iko wapi?"

Nikanyoosha mkono.

"Na kibla yangu iko wapi?"

Mkono ukabaki palepale.

"Basi mbuzi wamekwenda huko. Kimbia."

Nilikimbia. Miaka mingi baadaye, nilipopata simu yenye dira, nilijua alikuwa sahihi kuliko alivyodhani yeye mwenyewe. Makka iko juu yetu karibu moja kwa moja. Ukisimama Nachingwea ukaelekea kaskazini kamili, unakosa kibla kwa digrii mbili tu kwenda mashariki. Niliziandika digrii hizo kwenye daftari na kuzipigia mstari. Nilizipenda mno. Ni watu wangapi wilaya nzima waliozijua?

Bibi alifariki mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea. Alikuwa ameshasema azikwe pembeni mwa shamba lake la mikorosho, kwenye makaburi mawili ya zamani. Hayo makaburi yalikuwa yamedidimia na kumezwa na majani. Hakuna aliyeweza kusema kichwa kiko upande gani wala miguu upande gani. Asubuhi ya maziko mjomba wangu mkubwa alinifuata jikoni. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, na huyu wangu ni mtu wa maneno machache ambaye tangu utotoni nilimwogopa bila yeye kuniudhi.

"Mpwa wangu, wewe ndiye mwenye simu na vitabu. Njoo utuonyeshe kibla."

Niliacha kuosha vikombe nikaenda naye. Nataka nikiri kwamba katikati ya msiba nilifurahi. Sikufurahi sana, lakini nilifurahi.

Kwenye mikorosho walikuwepo wanaume watano na majembe yao. Mmoja alikuwa mtani wa bibi, mzee mwenye bega moja lililoshuka. Kabila lake na letu wametaniana tangu hakuna anayekumbuka, na kwa desturi yetu watani ndio wanaoshika kazi ngumu za msiba, kuchimba kukiwemo, huku wakisema yale ambayo mwingine akiyasema atapigwa. Yeye na bibi walitukanana miaka arobaini, wakicheka. Mimi huniita mke wake.

"Mke wangu amekuja na rula," alisema. "Leo tutachimba kaburi la serikali."

Mbingu ilikuwa imefungwa siku ya tatu hiyo. Mzee alinyoosha kidole kwenye mawingu akasema jua linatoka pale, kila mtu anajua, akageukia kushoto kwake, kwa hiyo kibla ni huku. Hapo nikaanza somo. Nilimwambia kwamba jua la mwezi wa pili halichomozi mashariki yenyewe, linachomozea kusini kidogo. Nikamwambia tena kwamba hata mawingu yakiondoka saa sita, jua la siku hizi linapita utosini, kivuli hakitaonyesha kitu. Mjomba akasema, "Mwacheni apime."

Nilifungua kava la simu yangu, lile la kufunika kama kitabu, nikalikunja nyuma. Nikaishika simu sawasawa kama nilivyojifunza, mbali na majembe, kwa sababu chuma hupotosha dira. Hilo nililijua. Nikasoma. Nikazunguka hatua tatu, nikasoma tena. Nikarudi, nikasoma mara ya tatu. Kisha nikachomeka vijiti viwili nikavuta kamba, na kwa kona ya daftari nikapata pembe mraba, ili kaburi lilale likikingama, maiti akilazwa ubavu wa kulia uso utazame kibla. Nikaongeza zile digrii mbili. Mtani aliifuata kamba kwa macho, akatazama shamba, akatazama kamba tena.

"Hii kamba umeifunga wewe au ameifunga mlevi?"

"Babu, hiki ni kipimo."

"Sawa. Mimi ni jembe tu."

Nikarudi kwa wanawake. Kwetu wanawake hatuendi kuzika. Tulibaki na visomo na vyungu. Kwa hiyo nilichora mstari na sikuona aliyelazwa juu yake. Jioni, baada ya kuzika, mtani alikuja hadi barazani tulipokuwa tumekaa kwenye mikeka, miguu yake ina udongo mwekundu hadi magotini.

"Bibi yenu mmemwelekeza Liwale," alisema. "Ana nani huko Liwale? Alikuwa na mchumba, mkanificha?"

Wanawake walicheka, hata mama yangu, ambaye kutwa nzima hakuwa ameinua kichwa. Mimi sikucheka. Nilisimama, nikafungua simu, nikakunja kava nyuma, nikamwekea dira chini ya pua.

"Tazama, babu. Hii haikosei."

Aliitazama, kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu kuliko utani unavyohitaji.

"Haikosei kwa sababu haina bibi," alisema, akaenda kunawa.

Nilirudi Ruangwa baada ya siku tatu nikiwa na huzuni, na chini ya huzuni kulikuwa na fahari. Yote mawili nilirudi nayo kazini.

Siku ya kumi na saba tangu maziko aliingia dukani mama mmoja Msukuma. Familia yake ilihamia upande wa Likunja na ng'ombe, na alitaka barua kwa serikali ya kijiji kuomba njia ya mifugo kwenda kwenye maji bila kupita mashambani mwa watu. Alitaka barua iwe na mchoro. Mimi mchoro usio na mshale wa kaskazini siwezi kuutoa mikononi mwangu, kwa hiyo nikafungua simu pale mezani, nikakunja kava, nikachora mshale.

Aliinama juu ya karatasi. "Mwanangu, huko siko."

"Ndiko, mama. Nimepima."

"Jua linatoka pale." Alitoka kibarazani akanyoosha mkono, na siku hiyo jua lilikuwepo kweli. "Ukilipa bega la kulia, mbele yako ni huku. Huo mshale wako unakwenda machungani."

Nikaanza somo langu la jua kusogea na majira. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Linasogea," alisema. "Lakini haliendi kulala nyumba ya jirani. Halafu mimi, mwanangu, upande huo ndio jina langu. Kwetu sukuma ni kaskazini, na kusini ni dakama. Sisi ni watu wa kaskazini. Nikiupoteza huo nitakuwa sijui naitwa nani." Akacheka kidogo. "Ingawa siku hizi nimehamia huku. Labda nimekuwa mtu wa dakama."

Kwa siku nyingine ningeshika kalamu niandike. Neno ambalo nalisikia kila siku kama jina la kabila, kumbe ni upande wa dunia. Lakini nilikuwa nimeshaingiwa na ubishi. Ili nimwonyeshe vizuri nikasema nitapima upya, na ili nipime kisafi nikaichomoa simu kwenye kava kabisa, nikaiweka mezani ikiwa uchi.

Sindano ikageuka taratibu, kama mtu aliyeitwa jina lake, ikaelekea alikokuwa amenyoosha mkono yule mama.

Nikairudisha simu kwenye kava. Sindano ikarudi. Nikaichomoa. Ikageuka. Nikalishika lile kava, nikalikaribisha kwenye pini za karatasi mezani, na pini mbili zikaruka zikaganda kwenye ukingo wake, pale linapojifunga. Kulikuwa na sumaku. Niliogopa majembe ya wanaume watano yaliyokuwa mbali, na sumaku nilikuwa nimeikumbatia mkononi.

"Mwanangu, unaumwa?" yule mama aliniuliza. Nilimwambia ni joto. Nikafuta mshale, nikachora mwingine alipoonyesha, nikamwandikia barua nzima na vidole vyangu vikigonga herufi za pembeni. Alipoondoka nikafunga mlango nikakaa chini nyuma ya mashine.

Nilipima siku hiyo mpaka betri ikaisha. Kwa mkao ule niliokuwa nao shambani, dira ilikosea digrii thelathini kwenda magharibi. Ukisimama pale kwenye mikorosho ukaikata njia kati ya kibla na Liwale, iliyo magharibi zaidi, upande niliomwelekeza bibi uko katikati. Utani wa yule mzee ulikuwa kipimo, na ulikuwa sahihi kuliko changu.

Tangu hapo nikawa naishi na picha moja. Bibi amelala ubavu wa kulia, na uso wake unatazama ukuta wa udongo usio wake. Mtu aliyeelekea upande mmoja mara tano kila siku maisha yake yote, aliyeelekeza hata mbuzi huko, nimemgeuza. Nikila, picha inakuja. Mteja akiniambia "geuza ukurasa," inakuja tena. Niliacha kusali kwa siku mbili, na hili naliandika kwa aibu, kwa sababu nilipotandika msala nilihisi sina haki ya kuuelekea upande niliomnyima mwingine.

Kuna mwalimu wa madrasa anayeleta karatasi za mitihani nimtolee kopi. Nilimsubiri kama anayesubiri daktari. Nilianza kwa mbali, nikamuuliza neno kibla limetoka wapi. Alifurahi. Aliniambia ni kile kilicho mbele yako, unachokielekea. Kwamba kukabili ni mtoto wa mzizi huohuo, na mkabala, na kabla, na hata kukubali. Wakati mwingine ningemshukuru mpaka achoke. Nikasema:

"Ustadhi, kuna mteja aliuliza. Maiti akizikwa bila kuelekea kibla, kwa makosa, inakuwaje?"

"Ikijulikana mapema, mwili haujabadilika, hufukuliwa akageuzwa. Zikipita siku, anaachwa. Mola wake anajua alikuwa anaelekea wapi."

"Siku ngapi, ustadhi?"

"Itategemea udongo, mvua, mambo hayo." Alipanga karatasi zake kwa kuzigonga mezani. "Huyo mteja mwambie asiogope peke yake."

Nilichokisikia ni neno mapema. Mapema ilikuwa jioni ileile ya maziko, barazani, mzee amesimama mbele yangu na udongo magotini akisema Liwale. Nafasi nililetewa mpaka kwenye mkeka, nami nikamwekea mzee simu puani. Kama ningeuliza tu, kwa nini Liwale, babu? Maneno manne. Mimi ninayejua chimbuko la kukabili.

Sikumwambia mtu. Nilijiambia nitasema wiki hiyo, kisha wiki ile. Kisha mjomba akapiga simu kwamba arobaini imekaribia na fundi ameshapatikana; watalijengea kaburi kwa tofali na simenti ili mvua isilibomoe, na niwahi siku moja kabla. Nikamwitikia vizuri. Nilipokata simu nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona: kosa langu litajengewa. Litasimama pembeni mwa shamba kwa miaka, likinyoosha kidole Liwale, na kila atakayepita atauliza nani alipima.

Nilifika Chiola siku moja kabla ya arobaini, asubuhi. Simu niliiacha nyumbani ndani ya mkoba, na kava lake nilikuwa nimeshalitupa. Mjomba na yule mtani walikuwa kaburini wanafyeka majani yaliyoota kwa mvua. Nilitembea kuwafuata. Niliona tuta la bibi, nikaona lilivyokaa. Sasa nililiona hata bila kipimo chochote. Niliogopa kwamba wao wanaliona kila siku.

"Mjomba," nilisema, "nina neno."

Akasimamisha fyekeo. Nilikuwa nimelipanga neno hilo njia nzima, na mwanzo, na katikati, na kuomba radhi. Lilitoka lote bila mpango.

"Kibla niliyowapa si kibla. Simu ilikuwa na sumaku kwenye kava. Nimejua siku ya kumi na saba, nikanyamaza. Bibi amelala vibaya na mimi ndiye niliyemlaza."

Sikuthubutu kumtazama. Nilitazama mikono yake. Alilaza fyekeo kwenye majani polepole, akamgeukia mtani.

"Nilikwambia atasema."

"Ulisema atasema wiki ya kwanza," mtani alijibu. "Hii ni arobaini. Umeshindwa, nataka ugoro wangu."

Sikuelewa. Mjomba akakaa juu ya gogo, akaniambia nami nikae. Akaanza kueleza, na kwa mtu wa maneno machache alieleza marefu.

Walichimba kwa kamba yangu mpaka kina cha kifua. Walipofika kwenye mwanandani, ule mfereji mwembamba chini kabisa anamolazwa maiti, mtani alikuwa ndani ya shimo na akagoma. Alisema huyu mwanamke nimemtukana miaka arobaini, sitamlaza ovyo, nitoeni shimoni mje mumlaze nyinyi. Wakabishana huku mvua inanyemelea. Mwisho wakapanua pembe mbili za shimo huko chini, wakaukata mwanandani upya, mshazari, ukaacha kufuata kuta. Ndimo walimomlaza. Kisha mvua ikaanza, wakafukia haraka, na tuta likafuata mdomo wa shimo, yaani likafuata kamba yangu.

"Mlijuaje upande?" niliuliza. "Mawingu yalikuwa yamefunga."

Mtani alinitazama kama ninayeuliza jina la mama yangu.

"Simama hapo," alisema. "Hapo, kwenye shina. Tazama mbele."

Nilisimama. Mbele yangu mikorosho ya bibi ilijipanga shina nyuma ya shina, mstari mmoja ulionyooka mpaka mwisho wa shamba, na kando yake mwingine, na mwingine.

"Wakati anapanda, tulikuja kumsaidia na kamba," alisema mzee. "Alitusumbua siku mbili. Wenzake wanapanda kwa kufuata barabara au mpaka, yeye anasema mistari iende kibla. Nikamuuliza, mikorosho nayo inasali? Akasema hapana, nasali mimi, na nikiwa nalima sitaki kumuuliza mwanaume yeyote upande uko wapi."

Nimekulia kwenye shamba hilo. Nimeokota korosho kwenye mistari hiyo tangu sijajua kuhesabu. Kila msimu nilimwona bibi adhuhuri akitandika kanga kati ya mashina mawili bila kutazama juu wala kando, nikadhani ni mazoea. Siku ile ya maziko nilisimama na simu yangu katikati ya dira ya miti, ekari nzima, nikaipa kisogo.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Mimi nilikuja," alisema mtani. "Nilikuja barazani na matope yangu. Nikakuambia Liwale, nikangoja uniulize. Ukanifundisha simu."

"Angekuambia mbele ya watu ungeaibika," mjomba alisema. "Nikasema tukuache. Ukija mwenyewe, vizuri."

"Na kama nisingekuja?"

"Leo fundi angejenga, nawe kesho ungekuja unalia. Ningekuambia hapohapo."

Machozi yalinitoka, na hofu haikuondoka kama nilivyotarajia. Ilibadili mahali tu. Nikaanza kufikiria kwamba wananihurumia. Wazee wawili, msichana anatetemeka, ni rahisi kusema tuligeuza mwanandani. Nani atafukua aone? Nikauliza: "Mjomba, mligeuza kweli?" Akasema kweli. Dakika chache baadaye, tukiwa tunafyeka, nikauliza tena kwa njia nyingine, pembe mlizopanua zilikuwa zipi? Mtani akaonyesha kwa ncha ya panga, hapa na hapa, bila kusita. Swali la tatu lilikuja mpaka kwenye ulimi. Nilikata majani. Nikakata tena. Nikalimeza, na kulimeza kulikuwa kazi kuliko kufyeka.

Fundi alikuja alasiri na tofali. Akauliza afuate tuta? Mjomba akasema, "Ukuta umfuate bibi, usifuate shimo." Kisha akanipa mimi kamba. Nilitaka kumwambia ampe mwingine. Nilichomeka kijiti cha kwanza, nikaenda kusimama kwenye shina, nikatazama mstari wa mikorosho, nikarudi, nikachomeka cha pili. Fundi alipoweka tofali la kwanza nilifumba macho.

Siku ya arobaini baraza lilijaa. Baada ya hitima mtani alitangaza mbele ya watu wote kwamba ananidai faini, jogoo, kwa kumchimbisha kaburi mara mbili. Hapo kila mtu akajua, kwa sababu mtani hafichi. Wanawake walicheka, mama yangu akiwemo, na shangazi mmoja akauliza kama Liwale kulikuwa na mvua nzuri mwaka huu. Nilikuwa nimeshajiandaa, jogoo nilimnunua tangu asubuhi. Nilimleta nimemshika mabawa.

Mzee alishika kisu, akampokea jogoo, akasimama naye katikati ya uwanja. Wa kuchinjwa naye huelekezwa kibla. Akazunguka polepole, jogoo mkononi, kama aliyepotea.

"Haya, mke wangu. Wapi?"

Watu wakanitazama. Kutoka uwanjani mikorosho inaonekana kwa upande, juu ya paa la jiko, na mistari yake haionekani vizuri kama ukiwa ndani ya shamba. Jua lilikuwa juu. Nilisogea hatua mbili kushoto, mpaka shina moja likajificha nyuma ya jingine, na jingine nyuma ya hilo, nikanyoosha mkono.

"Huko."

"Nasikia huwa unakagua mara tatu," alisema mzee. "Tungoje?"

Nilitamani kusema ndiyo.

"Usingoje, babu," nilisema.

Akamgeuza jogoo nilikoonyesha, akasoma bismillahi. Nami sikuushusha mkono mpaka alipomaliza.